Mkaa Ndani ya Maisha ya Tano

Kazi yangu ilikuwa kuzeesha. Ukiuliza Mafinga nzima Mama Tulizo anafanya nini kiwandani, watakwambia anazeesha nyaya, halafu watacheka, maana mwanamke wa miaka hamsini na mitatu anayelipwa kuzeesha vitu anachekesha. Wacheke tu. Kebo ya umeme inatakiwa ikae ardhini miaka arobaini, na sijaona mtu mwenye subira ya kungoja miaka arobaini ndipo ajue kama alidanganywa. Ndiyo maana waliniajiri.

Chumba chetu tulikiita Nyumba ya Wazee. Kilikuwa na matangi kumi na mawili ya maji ya moto, na ndani ya kila tangi kipande cha kebo cha mita moja kikisukumiwa umeme mara tatu ya ule ambao kingeubeba ardhini. Siku moja tangini ilikuwa sawa na miezi minne chini ya udongo. Siku mia na ishirini, miaka arobaini. Kipande kikifika siku ya mia na ishirini kikiwa kizima, nagonga muhuri wenye jina langu, Edina Kihwele, na kebo inaruhusiwa kuwashwa.

Siku ya thelathini na nane, saa nne asubuhi, tangi namba saba likapiga kishindo.

Ngonyani, mwenzangu wa zamu, alizima mitambo, akachungulia juu ya miwani. "Mhehe, mzee wako amekata kamba."

Yeye ni Mngoni, mimi Mhehe, watani wa jadi, kwa hiyo kwa miaka kumi na minne ameniambia lolote analotaka.

"Funga bakuli lako," nikamwambia. "Nisaidie kumtoa."

Siku thelathini na nane ni miaka kumi na miwili na miezi minane. Nilihesabu mara mbili, nikapata jibu lilelile. Tukakitoa kipande, tukakifuta maji, nikakikata vipande vyembamba kama vitunguu vya kachumbari, hadi mwanga ukapita. Nikaweka kimoja chini ya hadubini, nikaona miti.

Niwaeleze kidogo, maana wengi wanadhani waya unaungulia nje. Umeme ukiwa ndani ya shaba unalisukuma ganda la plastiki saa zote, unatafuta pa kutokea. Ganda likiwa safi, unasukuma kila mahali sawasawa na haupati kitu. Pakiwa na punje moja ya uchafu, hata iwe ndogo kuliko chembe ya chumvi, msukumo wa pale wote unajikusanya kwenye ncha yake. Panatoboka katundu kasikoonekana. Ndani ya katundu inaruka cheche, cheche inachoma plastiki, katundu kanarefuka, kanagawanyika. Ukitazama kwa hadubini unaona mti kabisa, una shina na matawi, umeota ndani ya ganda. Siku tawi moja likigusa upande wa pili, kwisha habari. Ni kishindo na moto, na aliyesimama juu yake Mungu amsaidie.

Nilihesabu miti kumi na tisa kwenye kipande cha urefu wa kidole. Kila mti ulikuwa na punje nyeusi kwenye shina lake.

"Plastiki imechoka, Mama Tulizo," Ngonyani akasema, safari hii bila utani. "Maisha ya tano hayo. Hata wewe ungeyeyushwa mara tano ungechoka."

Tangu Sheria ya Plastiki Ileile ipitishwe, nikiwa darasa la sita, hakuna plastiki mpya inayotengenezwa hapa wala inayoingia nchini. Iliyopo ndiyo hiyohiyo. Getini kwetu hata kitana changu kilipimwa uzito asubuhi na kupimwa tena jioni. Plastiki ya kebo hii ilishakuwa ndoo, ikawa madawati, ikawa mabomba, ikawa kebo fupi za migodini. Zile kebo za migodini zilipomaliza muda wake tuliletewa, tukazimenya ganda, ganda likakatwa chenga, chenga zikayeyushwa na kuvishwa shaba upya. Kila mzunguko tunauita maisha. Kebo ya Ihefya, kilomita ishirini na mbili, ilikuwa ya kwanza nchini ya maisha ya tano. Na kwa sababu maisha manne ya nyuma yalifaulu bila shida, wakubwa waliifukia huku sisi bado tunapima. Walikuwa na hakika. Ijumaa ile, kwa kibali cha muda bila kungoja muhuri wangu, ndiyo ilikuwa siku ya kuiwasha, na mgeni rasmi alishaalikwa.

Nikalitazama tena ganda, safari hii pale pasipo na punje. Lilikuwa safi kama lilitoka mashineni jana. Hapakuwa na ufa wala ukungu. Nikatoa kipande kingine kutoka tangi namba tatu, nikakuta hali ileile, penye punje kuna mti na pasipo punje hakuna kitu.

"Haijachoka," nikasema. "Imelishwa kitu."

Ngonyani akaitia punje moja kwenye mashine ya kusomea madini. Tukangoja kama dakika kumi. "Kaboni," akasoma. "Na majivu. Chokaa, potasiamu. Mama Tulizo, huu ni mkaa. Mkaa wa kupikia."

Nilivuta kiti nikakaa. Mashine haikuweza kusema ni mkaa wa mti gani, lakini mimi niliujua. Ulikuwa mkaa wa mwati, mti tunaouchoma mkaa huku kwetu, na gunia la kwanza nililinunua mwenyewe.

*

Anayedhani Tanzania haina baridi aje Mafinga mwezi wa sita. Asubuhi majani yanakuwa meupe kwa jalidi, na banda letu la kumenyea lina bati juu na nyavu pande mbili. Humo wanakaa wanawake sitini na wawili kuanzia saa moja, kila mmoja na kisu chake, wanamenya ganda la kebo ngumu bila kuikwaruza shaba. Kazi ile hakuna mashine inayoiweza, tumeshajaribu tatu. Glavu hawaruhusiwi, kwa sababu nyuzi zake zinaingia kwenye plastiki. Kwa nyuzi wakubwa walikuwa wakali sana.

Kiongozi wao ni Anyesi, dada wa mume wangu. Miaka miwili nyuma niliingia bandani nikamkuta vidole vimepasuka, damu inachirizika hadi kwenye mpini, na bado anamenya. Nikaandika barua. Tanuru la kuyeyushia liko upande wa pili wa ukuta uleule, joto lake linapotelea angani kupitia dohani. Niliomba bomba la mita arobaini tu, lipitishe maji ya moto chini ya mabenchi. Nikajibiwa si kipaumbele. Nikaandika ya pili, nikaandika ya tatu. Ya tatu hata hawakuijibu.

Basi nikaenda nyumbani, nikachukua jiko langu la mkaa, nikalipeleka bandani, nikaliweka chini ya meza ya wifi yangu. Wiki iliyofuata yalikuwa kumi na tano. Kanuni inakataza moto bandani, kila mtu alipita pale, kila mtu aliota moto, na hakuna aliyeona kitu.

Na chenga za ganda zinaangukia wapi? Chini ya meza, ndani ya beseni, hatua moja kutoka kwenye jiko linalopepewa.

Mimi ninayejua punje moja inafanya nini ndani ya ganda, tena kuliko mtu yeyote Mafinga, ndiye niliyeliweka. Nilikuwa naangalia vidole vya wifi yangu, sikuangalia beseni. Naona aibu kulisema hili mpaka leo, lakini nalisema.

*

Meneja wetu, Injinia Festo Mwalongo, ni mtu wa sauti ya chini. Hata akikutukana utadhani anakupa pole. Nilimwekea picha za miti mezani, nikamweleza. Alizitazama moja moja.

"Miaka kumi na miwili si haba, mama," akasema.

"Hiyo ni mita moja, Injinia. Kebo ina kilomita ishirini na mbili. Mita moja ina sehemu yake mbaya. Kilomita ishirini na mbili zina sehemu mbaya kuliko zote, na umeme utaitafuta hadi uipate. Inaweza ikawa miaka mitano. Inaweza ikawa mvua za mwakani."

"Inaweza."

"Inapita chini ya soko la Ihefya. Inapita chini ya uwanja wa shule. Maungio mawili yako pale kwenye goli."

Alisugua macho. Sikumchukia wakati ule, niseme ukweli. Nilimwona amechoka.

"Sawa. Usigonge muhuri wa kufaulu," akasema. "Andika plastiki imechoka. Maisha ya tano yamegoma. Ni ya kwanza nchini, hakuna atakayeshangaa na hakuna mwenye kosa. Alhamisi wakaguzi wanakuja, wanaikuta ripoti, tunafukua taratibu, yameisha."

"Lakini haijachoka."

"Mama Tulizo." Sauti ikashuka zaidi. "Ukiandika mkaa, kanuni inanilazimisha. Kila aliyekuwa bandani anaondoka. Wote sitini na wawili. Wa kwanza wifi yako, maana ndiye kiongozi. Unanielewa?"

Nilimwelewa vizuri sana. Nilielewa na lile ambalo hakulisema. Wauzaji wa plastiki mbichi, yaani ile mpya inayotumika mara moja, ikishaungua inatupwa, wamekuwa wakilia kwenye milango ya serikali miaka yote wapate kibali. Siku maabara yetu ikiandika kwamba maisha ya tano yamegoma, kibali watapewa. Na kebo ya plastiki mbichi haimenywi. Ikishakufa ni takataka. Hao wanawake sitini na wawili wangemenya nini?

Nikamwambia hivyo. Akasema hayo ni ya baadaye.

"Kwako kila kitu ni cha baadaye, Injinia. Mimi mwajiriwa wako kazi niliyopewa ni kuyaleta ya baadaye yafike leo. Ndiyo haya."

"Una muda mpaka Alhamisi," akasema, akanifungulia mlango kwa heshima zote.

*

Mchana nilimfuata Anyesi nyuma ya banda, kwenye ukuta wa tanuru, ambapo wanaegemea wakila ili wapate joto la matofali. Alikuwa na viazi kwenye kopo. Akanisogezea nichukue. Sikuchukua, naye akajua kuna jambo.

"Sema, wifi."

Nikasema yote bila kuficha, miti na punje, Ihefya, maneno ya Mwalongo. Alinisikiliza huku anafunga kopo polepole.

"Kwa hiyo leo jiko ni uchafu," akasema. "Siku uliyoniletea nilikuombea kwa Mungu, nikakutaja jina. Nilidhani umeniletea moto, kumbe umeniletea kesi."

"Wifi, mimi mwenyewe sikujua..."

"Wewe ndiye wa kujua! Mimi nina kisu, wewe una hadubini. Ungeniambia mwaka juzi, 'Anyesi, majivu haya mabaya,' ningelizima siku hiyohiyo nikavumilia. Hukuniambia."

Alikuwa na haki.

"Andika imechoka," akasema.

"Haijachoka."

"Nani ataiuliza? Plastiki ina mdomo? Nina wajukuu wanne pale nyumbani, Edina, na mama yao unamjua alivyo, mgonjwa. Andika imechoka, kebo ifukuliwe, watoto wa Ihefya wacheze mpira wao salama, na sisi tubaki. Unapungukiwa nini?"

Hapo ndipo ilipokuwa shida yenyewe, na ndiyo niliyolala nayo siku mbili. Uongo ule haukuwa wa kumuua mtu wa Ihefya. Kebo ingefukuliwa vilevile. Ulikuwa uongo wa huruma, umefungwa vizuri, kila mtu anapata kipande chake. Ubaya wake ni kwamba ungekwenda mbali kuliko sisi. Ungefika kwenye kila kiwanda na kila kibali, na baada ya miaka minne mitano nchi ingekuwa imejaa kebo zisizorudi, kwa sababu mwanamke mmoja wa Mafinga aliandika imechoka. Na mkaa? Mkaa ungebaki palepale bandani, kwenye kebo itakayofuata, maana kama hakuna kosa hakuna wa kulirekebisha.

Nikamweleza hivyo. Sikumaliza.

"Mambo ya nchi," akasema. "Unanipokonya unga wangu kwa ajili ya mambo ya nchi." Akasimama, akajifunga kanga. "Ukisema mkaa, kwangu usikanyage. Hata nikifa usije kunizika."

Kwetu neno hilo halisemwi kwa hasira ya mchana mmoja. Nilirudi Nyumba ya Wazee. Ngonyani aliniuliza kuna nini, nikamjibu hakuna. Halafu nikaona hasira inanipanda. Sikusikitika tena, nilikasirika. Nilimkasirikia Mwalongo, nikajikasirikia, nikaikasirikia ile barua ya tatu ambayo mtu alishindwa hata kuijibu. Mita arobaini za bomba! Watu wazima walikuwa wamenipa uongo wa aina mbili nichague, kama vile nimeingia dukani kwao. Nikasema, hapana. Sinunui.

*

Alhamisi walikuja wakaguzi watatu. Kikao kilifanyika kwenye bwalo la chakula. Mkuu wao alikuwa mama mmoja wa Kinyakyusa, Bi. Tunsume, mfupi, aliyekunywa chai yake yote kabla ya kufungua faili. Wamenyaji hawakualikwa, lakini madirisha ya bwalo ni makubwa, na wote walikuwa nje yake wamesimama. Anyesi alikuwa mbele. Hakunitazama.

Mwalongo alizungumza vizuri sana. Alisema kiwanda kilijaribu jambo ambalo halijawahi kujaribiwa. Akanisogezea karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Iliandikwa: *Ganda la maisha ya tano limechoka kwa asili yake.* Chini palikuwa na nafasi ya muhuri wangu.

Nikaigeuza ile karatasi upande wa pili, usio na maandishi, nikatoa kalamu.

"Mama Tulizo," Mwalongo akaita, taratibu.

"Ngoja kidogo, naandika." Nikaandika kwa herufi kubwa, nikasoma kwa sauti ili hata wa madirishani wasikie. "Ganda halijachoka. Lina mkaa. Mkaa uliingia bandani kutoka kwenye majiko. Jiko la kwanza lililetwa na Edina Kihwele." Nikagonga muhuri, nikamsogezea Bi. Tunsume.

Bi. Tunsume akaisoma, akanitazama usoni.

"Wewe ndiye Edina Kihwele?"

"Ndiye mimi."

"Unajua kanuni ya moto?"

"Naijua. Nilishiriki kuiandika."

"Na ukaivunja."

"Nikaivunja. Baada ya hizi." Nikaweka nakala za barua tatu juu ya faili lake. "Naomba uzisome kabla hujauliza tena. Ni fupi. Naomba bomba la maji ya moto la mita arobaini. Hawa unaowaona dirishani hawakuvunja kitu, mama. Walikuwa wanasikia baridi. Mkiwafukuza kwa hilo, anzeni na mimi, halafu mfukuze na aliyezipokea barua."

Mwalongo aliinuka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti ilimpanda. "Mheshimiwa mkaguzi, mimi sikuwahi kujua kama kuna moto bandani. Ningejua ningeuzima siku hiyohiyo!"

"Loo!" Nilishindwa kujizuia. "Injinia, wewe Julai mwaka jana ulichoma mahindi mawili kwenye jiko la pili kutoka mlangoni. Ukasimama pale hadi yakaiva. Ukaomba na chumvi."

Madirishani kikapasuka kicheko, halafu kikakatika.

"Huo ni uzushi," Mwalongo akasema. "Nani shahidi?"

Nilimtazama Ngonyani, masikini, hakuwepo siku ile. Niliwatazama wanawake, wakatazama chini. Sikuwalaumu. Atakayefungua mdomo alikuwa anakiri kwamba aliota moto uliokatazwa, na kazi yake inaondoka palepale.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Anyesi akaingia na aproni yake ya kazi, kisu kimening'inia kiunoni, akasimama katikati ya bwalo.

"Aliomba na limao," akasema. "Nilimpa mimi. Jiko lilikuwa langu."

Bi. Tunsume akaweka kalamu chini. "Na wewe ni nani, mama?"

"Anyesi Kihwele. Kiongozi wa wamenyaji. Mkitaka kunifukuza nifukuzeni, lakini siwezi kusimama pale dirishani namsikia mtu mzima anakana mahindi aliyokula." Akainua mikono yote miwili, akaigeuza kiganja juu, akamwonyesha. Sitaieleza ilivyokuwa. Bi. Tunsume aliitazama, na mkaguzi wa kushoto kwake akageuza uso.

"Kebo ya Ihefya haitawashwa," Bi. Tunsume akasema hatimaye. "Itafukuliwa. Hilo halina mjadala. Fundi," akamgeukia Ngonyani, "ganda lililokwisha kuingia mkaa linaokoleka?"

"Linaokoleka, mama. Likiyeyushwa tena na kupitishwa kwenye wavu mwembamba, punje zinabaki juu. Plastiki inatoka ileile. Ila lazima limenywe lote kwanza."

"Kilomita ishirini na mbili."

"Zote."

"Na nani anajua kumenya kebo nene namna hiyo?"

Ngonyani alijikuna kidevu, nikamwona anajizuia kucheka. "Nchi nzima hii, mama? Sitini na wawili. Wako hapo dirishani."

Mwalongo alikaa chini.

*

Ijumaa mgeni rasmi alifika Ihefya na mkasi wa kukatia utepe, akakuta mafundi wanachimba. Sikuwepo, nilihadithiwa.

Barua yangu ilitoka Jumatatu. Nimenyang'anywa muhuri, nimeondolewa Nyumba ya Wazee, nimepangiwa banda la kumenyea hadi nitakapostaafu. Moto niliupeleka kweli, sikukata rufaa. Ngonyani alinisindikiza hadi mlangoni akibeba kikombe changu, hakupata hata neno moja la kunitania, na hilo liliniuma kuliko barua yenyewe. Mwalongo hakuguswa. Wanasema uchunguzi unaendelea.

Majiko yote yalikuwa yamekusanywa. Mle ndani palikuwa baridi ya kukata mfupa. Mafungu ya kwanza ya kebo ya Ihefya yalishashushwa, yana tope bado. Wanawake sitini na wawili walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, visu vimelala mezani, mikono wameificha kwapani chini ya kanga. Hakuna aliyekuwa anamenya.

Nilisimama nisijue nikae wapi. Anyesi alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. Halafu akasogea, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Kaa," akasema. "Na usinisemeshe."

Nikakaa. Nikaficha mikono.

Tulikaa hivyo Jumatatu, Jumanne na Jumatano, saa moja hadi saa tisa. Msimamizi alikuja akatusihi, akaja mwingine akatutisha. Anyesi aliwajibu wote maneno yaleyale, kwamba mikono ikipata joto itafanya kazi. Jumanne mama mmoja alianza kulia kwa baridi, tukambana katikati yetu. Hakuna aliyemshauri aende nyumbani na yeye hakuomba.

Alhamisi asubuhi mafundi wawili walikuja na bomba. Walitoboa ukuta wa tanuru, wakalipitisha chini ya mabenchi, na kwa kuwa lilikuwa la mita arobaini, hadi saa nane walikuwa wamemaliza. Walipofungua koki tulisikia maji yanapita chini ya miguu yetu. Kwanza hapakuwa na kitu. Baadaye vidole vya miguu vikaanza kuwasha, kisha magoti. Mtu akavua kanga. Wifi yangu alitoa mikono kwapani, akaikunja, akaikunjua, akachukua kisu. Akasukuma kisu cha pili mbele yangu, bila kugeuza kichwa.

"Anzia ubavuni," akasema. "Si hivyo. Ubavuni."

Ndipo Injinia Mwalongo akatokea. Alisimama mlangoni, mkono mmoja umeshika ubao wa mlango, akakohoa kama anayetaka kuhutubia. Akasema kiwanda siku zote kimejali afya ya wafanyakazi wake, na kwamba yeye binafsi amelipigania sana bomba hili.

Anyesi hakunyanyua uso kutoka kwenye kebo.

"Injinia," akasema, "ingia au toka. Unatuingizia baridi."